Kipuri Twakilipia, Ujuzi Twautaka Bure

KANDO ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, pale Bamburi Mtambo na katika njia iingiayo Kiembeni, vimejipanga vibanda vya mafundi ambavyo mpita njia huviona kila siku asivitazame. Humo hufufuliwa vitu vilivyokufa. Simu ndizo nyingi, lakini kila likizo ya shule ikaribiapo huletwa pia vile vifaa vya michezo vya mkononi ambavyo watoto wetu huviita gemu: vingine vya majina makubwa ya Kijapani, vilivyotumwa na mjomba aliyeko ng'ambo, vingine vya bei nafuu kutoka China. Na kabla kifaa hakijafika kibandani, nyumbani huwa kumekwisha zuka mabishano. Mtoto ataka kukifungua mwenyewe. Mama asema kipelekwe kwa fundi. Baba auliza bei, kisha asema afadhali kinunuliwe kingine.

Mabishano haya aghalabu huchukuliwa kuwa ya fedha. Nathubutu kusema kwamba fedha ni kisingizio tu. Kinachobishaniwa ni ujuzi: nani anao, huupataje, na je, una thamani ya kulipiwa?

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo hasara ya kwanza hutokea. Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya kibandani:

"Fundi, gemu ya mtoto imekufa."

"Imekufa vipi, mama?"

"Imekufa tu. Haiwaki."

Neno kufa limebebeshwa hapa mzigo usioulingana uwezo wake. Kifaa kisichowaka huenda kimeishiwa chaji. Huenda chaja ndiyo mbovu. Huenda tundu la chaji limejaa vumbi, au limelegea. Huenda betri imechoka, au kioo kimezimika ilhali sauti ingali yatoka. Hitilafu hizo zina bei mbalimbali, na ya kwanza haina bei kabisa. Mteja afikaye na neno moja humwachia fundi kazi yote ya kutafuta na uhuru wote wa kupanga bei. Lakini yule asemaye, "Nikiichomeka, taa yawaka kisha yazimika, na nimejaribu chaja mbili," amekwisha punguza safari ya fundi kwa nusu, na hajagusa bisibisi.

Kwa hiyo lile swali la kufungua mwenyewe au kumlipa fundi huulizwa mapema mno. Kutambua hitilafu ni kazi moja, kuitengeneza ni kazi nyingine. Ya kwanza yamfaa kila mtu, hata mtoto wa darasa la nne, kwani yahitaji macho, subira na msamiati. Mwalimu wa Kiswahili atafutaye zoezi la insha ya maelezo angeweza kuwaagiza wanafunzi waeleze kifaa kilichoharibika bila kutumia vitenzi kufa, kuharibika na kugoma. Ataona jinsi sentensi zinavyokuwa ngumu, na jinsi fikira zinavyonyooka.

Sasa kuhusu kufungua kwenyewe. Bamburi ni mahali pa chumvi. Hewa itokayo baharini huingia kila tundu, na baada ya misimu miwili mitatu shaba iliyomo ndani huota kutu ya kijani. Vifaa vingi vinavyoitwa vibovu vimeshikwa na ugonjwa huu tu, au na vumbi lililosongamana katika tundu la chaji. Dawa yake ni mswaki mkavu na spiriti kidogo, kifaa kikiwa kimezimwa, kisha kiachwe kikauke barabara. Vitufe visivyoitika navyo, mara nyingi kilichochakaa ni vijipande vya mpira vilivyo chini yake. Kazi kama hizi sioni kwa nini mtoto mwangalifu, akiwa na mkubwa karibu, azuiwe kuzifanya. Kipimo changu ni hiki: kinachofunguka kwa bisibisi na kufungika tena bila moto ni cha mwenye nyumba, na kinachohitaji moto wa kulehemu ni cha fundi. Tundu la chaji lililong'oka kwenye bodi ni la fundi. Kioo kilichounganishwa kwa utepe mwembamba kama ganda la kitunguu, pia ni cha fundi, ijapokuwa hakihitaji moto, kwani utepe huo ukikatika hauungiki.

Mambo mawili hayana mjadala. Betri iliyovimba isibanwe, isidungwe wala isirudishwe kwenye chaji, kwa sababu betri za lithiamu zikitobolewa huweza kuwaka moto papo hapo. Na chaja ya ukutani, ambayo ndani yake mna umeme wa volti 240, isifunguliwe na mtoto kwa hali yoyote.

Ni haki kuuliza kwa nini kazi ndogo kama kubadili betri imekuwa ya wataalamu. Haikuwa hivyo. Game Boy ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1989, ilitumia betri nne ndogo za kawaida ambazo mtoto yeyote aliweza kuzinunua dukani na kuzitia. Vile vidude vya kupanga matofali vilivyoenea katika miaka ya 1990 vilikuwa vivyo hivyo. Hata PSP ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 2004, betri yake ilitoka kwa kufungua kifuniko cha nyuma. Lakini PS Vita ya mwaka 2011 na Switch ya mwaka 2017 betri zao zimefungiwa ndani. Tena Nintendo kwa miaka mingi imetumia skrubu zenye mkato wa pembe tatu, ambazo bisibisi ya kawaida haiziwezi. Skrubu ya namna hiyo haikazi zaidi ya nyingine. Kazi yake ni kumwambia mnunuzi kwamba mlango huu si wake.

Huko kwao wateja hawakunyamaza. Aprili 2018 tume ya biashara ya Marekani iliziandikia onyo kampuni sita, Sony, Microsoft na Nintendo zikiwamo, kuhusu maelezo yanayowatisha wateja kwamba wakitengeneza vifaa pengine dhamana itabatilika. Vijiti vya kuongozea vya Switch vilipozidi kulalamikiwa kuwa vinaenda vyenyewe bila kuguswa, kampuni ilitangaza Machi 2023 kwamba itavitengeneza bure kwa wateja wa Umoja wa Ulaya na Uingereza hata kama dhamana imekwisha. Tangazo hilo halikumtaja mteja wa Bamburi. Aidha, kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 imeweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa sharti kwamba betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Yamkini faida yake itatufikia sisi pia, maana viwanda havipendi kutengeneza kifaa kimoja kwa namna mbili. Lakini itatufikia kama makombo yafikavyo chini ya meza.

Turudi kibandani, kwani huko ndiko kwenye uchungu. Fundi amefungua kifaa, ametafuta kwa muda mrefu akiinamia kioo cha kukuzia, ameona kutu kidogo kwenye mguso mmoja, ameisafisha, kifaa kimewaka. Amwambie nini mteja? Akisema kweli, "Nimesafisha tu," mteja ataguna: kusafisha tu, nilipe pesa zote hizo? Basi fundi hulazimika kusema amebadili kipuri. Mteja hulipa kwa moyo mweupe, kwa sababu kipuri ni kitu, chashikika, kina bei. Siku nyingine mteja huyo agundua kwamba hakikubadilishwa chochote, na kuanzia hapo mafundi wote ni wezi.

Sitetei uongo. Nauliza ni nani aliyeufundisha. Sisi wateja tumeweka sharti lisiloandikwa kwamba kuangalia ni bure, na kwamba kifaa kikishindikana fundi asipate hata senti ya muda wake. Fundi naye afidie muda huo wapi, isipokuwa kwa mteja wa pili? Kwa hiyo anayepata kifaa kizima hulipia kushindwa kwa kifaa cha jirani yake, wala hajui.

Sheria ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyinginezo, na misingi yake yafaa hata mahali ambapo wakili hatafika: mteja apewe makadirio kabla ya kazi kuanza, na vipuri vilivyotolewa arudishiwe. Fundi wa Mtambo anaweza kufanya yote mawili bila gharama. Mimi ningeongeza la tatu, linalomhusu mteja: ada ya kutazama italipwa, kifaa kipone kisipone, na bei yake itajwe mwanzo. Fundi aliyelipwa kwa kutazama hana haja ya kubuni kipuri.

Walimu wapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mzazi huona haya kuomba kitabu apewe bure dukani, lakini saa mbili za kumsahihishia mwanawe insha huzihesabu kuwa hisani. Ujuzi usio na umbo la kitu hatujajifunza kuutia bei, uwe wa chaki au uwe wa bisibisi.

Na lugha yetu yatusuta. Fundi, mafunzo, mwanafunzi, kufundisha, na kufunda kama mwari anavyofundwa na somo wake, yote ni matawi ya mzizi mmoja wa Kibantu. Wazulu, ambao ni binamu zetu kwa lugha, wakisema umfundi humaanisha mwanafunzi, na umfundisi ni mwalimu au mhubiri. Lile neno mtaalamu tunalolitumia kumtenga msomi na fundi wa kibandani, asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mtu anayejifunza. Maneno yote mawili yalianza darasani, kisha tukampa mmoja ofisi na mwingine tukamwacha juani.

Shule zetu zimewahi kujaribu kuwakutanisha. Mombasa yenyewe ilikuwa na Taasisi ya Elimu ya Waislamu, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951 ili wapate elimu ya ufundi. Taasisi hiyo, baada ya kubadilika mara kadhaa, ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tangu mwaka 2013. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulileta kazi za mikono hadi shule za msingi, na wazazi wakatozwa michango ya kujenga karakana. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani, na kisichotahiniwa nchini mwetu hufa kifo cha kimya. Sasa mtaala wa umilisi, uliofika sekondari ya chini mwaka 2023, umerejesha somo la msingi wa ufundi. Hofu yangu ni kwamba somo hilo litafundishwa kwa michoro ubaoni, mwanafunzi akariri sehemu za bisibisi asiwahi kuishika.

Pingamizi nalijua: vifaa vya watu vitaharibiwa. Naam, vingine vitaharibiwa. Ndiyo sababu ianzwe na vilivyokwisha kufa, ambavyo kila nyumba ya Bamburi inavyo katika droo. Hapa hapa petu tuna mfano wa hasara iliyolipiwa kwa makusudi. Mashimo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji yalipoanza kupandwa miti mwaka 1971, chini ya René Haller, ilijaribiwa miche ya aina nyingi. Mingi ilikufa, mivinje ikashika, na leo watoto wetu huenda kutazama viboko na twiga chini ya kivuli chake. Miche iliyokufa nayo ililipiwa, na hakuna aliyesema kwamba kampuni ilipe ile iliyoota tu.

Mtoto aliyefungua kifaa kibovu akakifunga tena, hata kisipowaka, hupata macho mapya. Hujua kwa nini fundi alichukua saa nzima. Hujua lipi aulize na lipi asiulize. Sioni hata kidogo kwamba mtoto kama huyo atamnyang'anya fundi riziki. Atakuwa mteja wake bora, kwani zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Basi shule moja ya mtaa huu na ianze muhula ujao. Meza moja, vifaa kumi vilivyokufa visivyo na betri, bisibisi za aina tatu, daftari la kuandikia dalili kwa Kiswahili sanifu, na fundi kutoka kibanda kilicho karibu na lango, aalikwe kuwa mgeni wa mwalimu wa somo kwa saa mbili. Na kamati ya wazazi iandike katika kumbukumbu zake, kabla hajafika, kiasi atakacholipwa kwa saa hizo, nacho alipwe hata kama siku hiyo hakuna gemu hata moja itakayowaka.