Mashine ya Mawazo Haijatuwaza

Kila mara kuna mtu ananitumia video ya mgonjwa aliyepooza akiandika kwa mawazo, na maneno ni yale yale: "Manze ona! Dunia imefika mbali." Dunia ya nani? Mimi nimechoka kupiga makofi nikiwa nje ya ukumbi.

Kwanza, mashine hizi hazisomi mawazo. Mwaka 1988 Farwell na Donchin, watafiti wa Marekani, walimwekea mtu jedwali la 6 kwa 6 lenye herufi, safu zikiwaka kwa zamu. Ile unayoingoja ikiwaka, ubongo hurusha wimbi dogo la umeme baada ya takriban milisekunde 300. Vihisi vilivyobandikwa kichwani hulinasa. Ni herufi kama mbili tu kwa dakika, lakini kwa mtu asiyeweza kutikisa hata kidole, hiyo ni sauti.

Sasa vihisi vyenyewe lazima viguse ngozi ya kichwa, na kofia nyingi za EEG zilibuniwa kwa nywele zinazolala. Nilipotumwa kupimwa, hapa hapa Nairobi, fundi alitazama rasta zangu akaniambia, bila aibu, nikazikate ndio nirudi. Nairobi, ambako kila kona ina msusi! Ati shida ni nywele. Kule Carnegie Mellon, mwanafunzi anayeitwa Arnelle Etienne alibuni vihisi vinavyojibana katikati ya matuta. Kwa hivyo inawezekana. Swali ni kichwa cha nani kilifikiriwa kwanza.

Utaniambia hayo ni ya kale, siku hizi wanapandikiza vihisi ndani ya ubongo, nywele si hoja. Sawa. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walimwezesha mwanamke mwenye ugonjwa wa ALS kutoa maneno 62 kwa dakika. Siibezi kazi hiyo hata kidogo. Lakini ishara za ubongo zina kelele nyingi, hivyo programu hukisia sauti, kisha programu nyingine, iliyolishwa Kiingereza tele, huchagua neno linaloelekea kuwa sahihi kutoka kwa orodha ya maneno 125,000.

Hapo ndipo ninapochemka. "Hawatanielewa" kwetu ni neno moja. Geuza kiambishi kimoja tu, umepata "hamtanielewa", neno jingine na ugomvi mwingine. Orodha gani ya Kiingereza itabeba hayo?

Shangazi yangu alipigwa na kiharusi. Akili ipo, ulimi umekataa. Miaka minne sasa tunamkisia: chai? choo? umechoka? Akikasirika tunasema ni ugonjwa. Huyu mama hajawahi kugombana na mtu kwa Kiingereza maishani mwake, na mashine ikimfikia leo itamtaka aanze.

Na msiniambie tungoje, ati watatuwekea Kiswahili baadaye. Sauti za Kiswahili zilizoko kwenye Common Voice ya Mozilla zilitoka kwa watu waliojitolea kusoma sentensi, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyewaletea. Vyuo vyetu vikuu vina idara za Kiswahili na vina wahandisi, mara nyingine kwenye kampasi moja, na hawajuani hata kwa jina. Mmoja wao avuke tu hiyo njia ya miguu, abishe mlango.