"Pruritus" Maana Yake ni Kuwashwa Tu

Mgonjwa anakwenda zahanati akilalamika kwamba mwili unamwasha. Anarudi nyumbani na cheti kilichoandikwa "pruritus", pamoja na vidonge. Jamaa wanalisoma neno hilo kwa hofu, au wanaridhika kwamba sasa ugonjwa umejulikana. Sisi tunasema bado haujajulikana.

Neno hilo ni la Kilatini, lugha ambayo wazee wetu waliisikia kanisani kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Linatokana na kitenzi "prurire", yaani kuwashwa. Basi cheti kimemrudishia mgonjwa maneno yake mwenyewe. Hata wataalamu wengine hukosea wakaandika "pruritis", kana kwamba ni mojawapo ya majina yale yanayoishia na "-itis", ambayo hutaja kiungo kilichovimba. Hapa hakuna kiungo kilichotajwa. Mwaka 1660 daktari Mjerumani, Samuel Hafenreffer, alieleza kuwa mwasho ni hisia isiyopendeza inayoleta hamu ya kujikuna. Bibi yeyote kijijini angesema hivyo hivyo!

Hatumlaumu mganga, maana dalili lazima iandikwe. Lakini kinachotakiwa kutibiwa ni chanzo. Kama ni upele, kidudu chake huchimba ngozi katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na mwasho huzidi usiku. Kumpaka dawa mtoto mmoja na kuwaacha ndugu zake wanaolala naye ni kupoteza dawa. Nyumba nzima ipakwe siku ile ile, hata wasiowashwa, na nguo na matandiko yafuliwe. Kwa watu wa Mahenge, mkoani Morogoro, mwasho unaweza kuwa dalili ya usubi, ugonjwa unaopofusha. Mwingine ngozi yake haina hata kipele kimoja, kumbe shida iko kwenye ini au figo. Na mama mjamzito anayewashwa viganja na nyayo bila vipele asiambiwe kuwa ni joto tu. Aende hospitali upesi, kwani huenda ini lake lina matatizo, na mtoto aliye tumboni anaweza kuwa hatarini.

Wengi wetu huona haya kumwuliza daktari. Tunashauri kwamba kabla ya kuinuka kitini, mgonjwa aulize kwa heshima: "Nawashwa kwa sababu gani?" Akijibiwa kwamba bado haijulikani, aulize arudi lini kupimwa.