Mtu wa barabara asiuziwe bando ya mtu wa kochi

Tangazo la bando unalijua hata kabla liishe. Kijana amejilaza kwa kochi, miguu juu ya meza, anatazama filamu kwa simu na kucheka peke yake. Mlingoti wa mtandao uko mtaa wa pili. Soketi ya umeme iko karibu na mkono. Hapo kampuni imeshakuambia inamuuzia nani: mtu aliyetulia mahali pamoja.

Sasa angalia vijana tunaowajua sisi. Kuna tanboi anayetoka bandarini Mombasa hadi Malaba na trela. Kuna msichana anayepeleka dawa za mifugo kutoka Isiolo hadi Moyale, mjini kwa mjini. Kuna kondakta wa basi la usiku, kuna fundi wa sola anayelala Kitale leo na Lodwar kesho. Hawa wote wananunua bando ile ile ya mtu wa kochi, halafu wanajiuliza doo inaenda wapi.

Mimi nasema hivi: ukiwa mtu wa barabara, chagua simu na bando kwa kufuata njia unayopita, si kwa kufuata tangazo. Na kampuni za simu nazo ziache kumhesabia mteja saa mahali ambapo zenyewe hazijafikisha mtandao.

Hii si stori ya kuangalia video. Mtu wa barabara analipwa kwa simu, anatumwa kwa simu na anatafuta kazi kwa simu. Mzigo wa kurudi ukitangazwa kwa grupu ya WhatsApp, anayejibu kwanza ndiye anaubeba. Ukiwa umezimika dakika kumi, unarudi na trela tupu. Gari likiharibika saa nane usiku, simu ndiyo askari, fundi na mwajiri wako kwa pamoja.

Tuanze na bando. Kutoka Mtito Andei hadi Voi ni karibu kilomita 95. Lori lenye kontena likitembea kilomita 60 kwa saa litachukua zaidi ya saa moja na nusu. Ukinunua bando ya saa moja ukitoka Mtito, itakufa kabla uone Voi, na katikati hapo unapita Tsavo, ambako mtandao unaweza kushika na kuachilia. Tuseme umelipa shilingi 20 ukapewa GB 1 ya saa moja. Mtandao ukashika vizuri dakika 20 pekee, ukatumia MB 100, saa ikaisha. Ile mbao yako imenunua MB 100. Kwa bei hiyo, GB 1 nzima ingekugharimu shilingi 200. Chuo mimi niliachia katikati, lakini hesabu hii haitaki digrii.

Najua kuna wale watasema bando za saa moja zimesaidia maskini, kwa sababu si kila mtu ana mia tano ya kutoa mara moja. Ni kweli, na sitaki ziondolewe. Lakini zina mahali pake. Ukiwa umeegesha Salgaa unasubiri asubuhi, au uko kwa foleni ndefu ya Malaba na mtandao umejaa, nunua ya saa moja, pakua kila kitu unachotaka, iishe. Ukiwa unatembea, tumia bando isiyo na muda. Zipo. Safaricom ilizianzisha Oktoba 2019. Ukizitazama zinaonekana ghali kuliko za saa, lakini MB ambayo hukutumia leo utaikuta kesho. Kanuni ni rahisi: gari likisimama, bando fupi, gari likitembea, bando isiyoisha muda.

Kisha kuna laini. Watu wanabishana mtandao gani ni bora Kenya, kama wanabishana Gor na AFC. Swali hilo halina jibu kwa mtu wa barabara. Swali lako ni mtandao gani unashika kwa njia yako. Waulize madereva watatu wanaopita hapo kila wiki, si muuza duka wa Nairobi. Kwa barabara ya Isiolo hadi Moyale, ambayo ni kama kilomita 500, mtandao uko kwa miji, na kati ya mji na mji unaweza kukaa muda mrefu bila kitu. Kwa hivyo beba laini mbili za kampuni tofauti. Moja iwe ya M-Pesa na kupigiwa, ile namba watu wanaijua. Ya pili iwe ya data, ya kampuni inayoshika pale ya kwanza inapolala.

Ndio maana simu ya laini mbili si anasa. Na hapa muwe makini na simu za mitumba kutoka ng'ambo mnazonunua pale Luthuli Avenue. iPhone 14 na zilizofuata, zikiwa zimetengenezwa kwa soko la Marekani, hazina kabisa mahali pa kuweka kadi ya laini. Zinatumia eSIM pekee. Ni simu safi, lakini ukifika mpakani na kadi mkononi utaishika tu. Kingine ni bendi. 4G ya hapa kwetu inatumia pia masafa ya 800 MHz, yanayoitwa bendi 20, na masafa ya chini kama hayo husafiri mbali zaidi kutoka kwa mlingoti. Baadhi ya simu za soko la nje hazina bendi hiyo. Unaweza kuwa na simu ya elfu hamsini inatafuta mtandao huku jirani yako mwenye simu ya elfu kumi anapiga stori. Kabla utoe pesa, tafuta modeli kamili ya hiyo simu na uangalie bendi zake. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Betri nayo usijadiliane. Simu ikiwa mahali mtandao ni hafifu, inaongeza nguvu kutafuta mlingoti, na chaji inashuka hata kama hujaigusa. Kamera tatu hazitakusaidia hapo. Tafuta betri ya 5,000 mAh au zaidi, na ubebe kabambe kando, ile mulika mwizi ya kukaa siku kadhaa na chaji. Siku simu kubwa imelala, laini yako ya M-Pesa ihamie huko na maisha yaendelee.

Kuna mambo madogo ya kufanya kabla ya safari, na hayalipishwi. Zima WhatsApp isipakue picha na video yenyewe. Grupu moja ya familia inaweza kumaliza bando ukiwa bado Mlolongo. Pakua ramani ya njia yako ukiwa kwa Wi-Fi, Google Maps inaruhusu kuitumia bila intaneti. Muziki pia pakua mapema. Wimbo wa kbps 128 ukisikizwa moja kwa moja kwa mtandao unakula karibu MB 58 kwa saa. Kutoka Mombasa hadi Nairobi usiku kucha, saa nane, hiyo ni MB 460 hivi zimeenda kwa ngoma tu.

Ukikaribia mpaka, ongeza uangalifu. Simu inaweza kurukia mtandao wa Uganda hata kabla uvuke Malaba, kwa sababu mawimbi hayajui mpaka. Zima data ya nje ya nchi na uchague mtandao kwa mkono. Kupiga simu baina ya baadhi ya nchi za Afrika Mashariki kulipunguzwa bei kutokana na makubaliano ya serikali, lakini usidhani bando yako ya Kenya inavuka nawe bure. Uliza bei kwanza.

Hayo ndiyo tunaweza kufanya sisi. Lakini si haki mzigo wote ubebwe na tanboi. Bando ni bidhaa. Ukinunua unga kilo mbili, duka haliji jioni kuchukua ule hujapika. Kampuni zinasema muda unasaidia kupanga matumizi ya mtandao, na kwa mjini pengine hoja hiyo ina maana, maana watu wengi wanagombania mlingoti mmoja. Mahali hakuna mlingoti, kuna msongamano gani? Simu yangu ikikaa bila mtandao dakika 40, kampuni inaweza kujua, kwa sababu mitambo yake ndiyo inaona laini ikipotea na kurudi. Basi irudishe hizo dakika 40.

Mamlaka ya Mawasiliano ina kazi mbili hapa. Ya kwanza, ilazimishe bando za muda mfupi ziseme wazi kwa ujumbe wa kununua kwamba saa zitahesabiwa hata bila mtandao, na njia ya kudai fidia iwepo kwa menyu ile ile ya kununulia. Ya pili, hazina ya huduma kwa wote, ambayo kampuni zenyewe huichangia ili mtandao ufike mahali soko halijafika, itazame pia barabara. Kuweka mlingoti kijijini ni vyema. Kipande cha barabara kuu ambacho mamia ya watu wanapita kila usiku wakiwa gizani nacho ni mahali panapokaa watu; tofauti ni kwamba wanakaa wakitembea.

Hadi hapo patakapobadilika, usinunue bando na mguu uko kwa gari bila kufikiria. Jiulize maswali mawili: nitakuwa wapi saa ijayo, na huko mtandao wa nani unashika? Kama jibu hulijui, weka mbao yako mfukoni hadi stendi inayofuata.