Kitanda cha bi harusi ni mali ya nani?



Msimu wa harusi umewadia na maseremala wa mitaa yetu wanakesha kazini. Vijana wanaofika ofisini kuandikisha ndoa hunionesha picha za vitanda katika simu zao, wakiniuliza kipi kinafaa. Swali lao lina maana, kwani chumba cha kulala hupambwa kwa kuanzia kitandani. Kabati, pazia, zulia na rangi ya ukuta vyote hukifuata. Lakini kabla ya kuuliza kitanda kiwe cha namna gani, yafaa tuulize ni cha nani.

Katika mahari nyingi za Pwani na Visiwani, kitanda, godoro na shuka hutajwa pamoja na fedha. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 4, Allah (SW) ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na hakumhalalishia mume ila kile ambacho mke amemwachia kwa ridhaa ya nafsi yake. Basi kitanda kilichotajwa katika mahari ni mali ya mke: matendegu, mifumbati, ubao wa kichwani na godoro lake. Ni haki yake kuulizwa anapenda kipi. Ajabu ni kwamba huulizwa mama wa bwana harusi, huulizwa mashangazi, wakaulizwa hata marafiki wa bwana harusi, na mwenye mali akakiona siku ya kuingia chumbani.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuandika kwa mkono wangu kumbukumbu za kikao cha usuluhishi, ambamo mwanamke aliyeachwa alikuwa ameondoka na begi la nguo tu. Samadari yake ya mninga ilibaki kwa mtalaka wake, aliyeshikilia hoja moja: "Mimi ndiye niliyeilipia." Kweli aliilipia. Ni mahari gani isiyolipwa na mume? Nilipofungua daftari la ndoa nikakuta pameandikwa "fedha na vyombo", basi.

Tuje sasa kwenye uchaguzi wenyewe. Samadari ya mbao, yenye nakshi kwenye ubao wa kichwani, ingali na heshima yake, na mninga au mkongo hustahimili mchwa kwa miaka mingi. Ubao wa namna hii ni pambo tosha. Ukuta nyuma yake uachwe mweupe au rangi ya maziwa, na mashuka yawe ya rangi moja, ili nakshi ionekane. Atakayeuweka mbele ya ukuta wenye maua na pazia lenye maua atakuwa amepoteza kazi ya fundi. Kitanda chenye nguzo nne nakipenda zaidi kwa nyumba zetu, kwani chandarua hufungwa vizuri na kikawa sehemu ya pambo badala ya kuning'inia kwa misumari na kamba.

Vijana wengi siku hizi wanataka ubao mrefu uliowambwa sponji na kitambaa kama sofa. Unapendeza, na ni raha kwa anayekaa kitandani akisoma. Ila joto na unyevu wa Pwani huupa ukungu, mafuta ya nywele huacha doa, na kunguni wakiingia katika mishono huwatoi kwa urahisi. Mtume (SAW) ametufundisha kukung'uta malazi kabla ya kulala. Ubao huo haukung'utiki. Anayeutaka achague kitambaa kinachovuliwa na kufuliwa. Vitanda vya chuma ni vyepesi na bei yake ni nafuu, lakini waishio karibu na bahari wavipake rangi mara kwa mara, kwani chumvi huvila.

Ukubwa nao una hesabu. Kitanda cha futi sita kwa sita katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kikiwekwa katikati, huacha futi mbili kila upande. Weka kabati, na mlango haufunguki vizuri. Cha tano kwa sita huacha nafasi ya kutandika msala, nao unahitaji kama futi nne kwa mbili na nusu. Chumba ambacho mke hawezi kusali ndani yake bila kusogeza kitanda, mimi sikiiti kimepambwa, hata ubao ukifika darini.

Kwa sisi wa Dar es Salaam na mwambao wake, Makka iko kaskazini. Mchago ukielekezwa ukuta wa mashariki, anayelala kwa ubavu wa kulia, kama ilivyo sunna, uso wake huelekea kibla. Si sharti, ikiwa upande huo ndiko liliko dirisha, usilizibe kwa ubao mrefu ukajinyima upepo. Na seremala akikuletea kitabu chake cha michoro, wapite tausi na simba uchague majani na maua. Kuhusu wanaochonga aya za Qur'an kwenye ubao wa kitanda, nawaomba waache. Hapo watu huegemeza migongo na kutundika nguo.

Bibi Aisha (RA) amesimulia kuwa tandiko la Mtume (SAW) lilikuwa la ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Kijana anayeahirisha ndoa mwaka mzima akingoja kitanda cha picha ya simuni, na alikumbuke tandiko hilo.

Yule mwanamke alirejeshewa samadari yake baada ya shahidi mmoja wa ndoa kukumbuka yaliyotajwa siku ya akdi. Shahidi wa pili alikuwa ameshafariki. Tangu siku hiyo, katika daftari letu naandika hivi: kitanda cha mninga, futi tano kwa sita, ubao wa kichwani wa nakshi, godoro la inchi nane, mashuka mawili. Mabwana harusi wengine hucheka wanaponiona naandika. Mawalii hawacheki.