Runinga Kubwa na Ukuta Unaoibeba



Juma hili tunaomba kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni namna ya kuchagua breketi ya kutundikia runinga kubwa ukutani. Sisi hatulioni dogo. Katika nyumba nyingi tunazozitembelea, runinga ya inchi 55 au 65 ndicho kitu cha thamani kuliko vyote sebuleni, na jumuiya inapokutana katika nyumba hiyo, watu wazima hupewa viti na watoto huketishwa mkekani, migongo yao ikiegemea ukuta ule ule. Juu ya vichwa vyao zinaning'inia kilo 20, pengine zaidi. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza zinashikiliwa na nini?

Maoni yetu, ambayo tuko tayari kuyatetea, ni kwamba familia nyingi huanza na kile ambacho kingepaswa kuja mwisho. Runinga hununuliwa kwanza. Breketi huchukuliwa dukani hapo hapo, kwa kuwa muuzaji ameiweka karibu na mkono. Fundi hutafutwa jioni ile ile, kwa kuwa usiku kuna mechi ya Simba na Yanga. Na ukuta, ambao ndio utakaoubeba mzigo huo kwa miaka mingi, haufikiriwi na mtu. Sisi tungependa ukuta uulizwe kwanza.

Ukuta wa matofali ya saruji yasiyo na uwazi ndani, ya inchi 5 au 6, ni ukuta mwema kwa kazi hii, mradi matofali yenyewe hayakunyimwa saruji. Msomaji anajua tunachokisema: yapo matofali yanayomeguka kwa ukucha, na yakishapigwa lipu na rangi hupendeza kama mengine yote. Drili ndiyo itakayosema ukweli. Ikizama kama kisu katika ugali wa moto, fundi na asimame hapo hapo, wala asidhani kwamba plagi nene zaidi itaponya ubovu wa tofali. Vilevile, lipu haibebi kitu. Ni ngozi tu, yenye unene wa sentimeta 1 au 2, na plagi ya plastiki iliyoishia ndani yake itachomoka siku moja pamoja na bamba zima la ukuta. Tundu lipite lipu, liingie ndani ya tofali kwa sentimeta 5 au 6, tena katikati ya tofali, si kwenye maungio. Na lisitobolewe juu wala chini ya soketi au swichi, kwa maana nyaya za umeme kwa kawaida hupita wima mahali hapo.

Tofali la kuchoma linafaa, ila litobolewe taratibu, bila drili kugonga, lisije likapasuka. Tofali lenye uwazi ndani linahitaji boliti za aina nyingine, zile zinazofungua mabawa upande wa pili. Kwa nyumba za kale za pwani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa ukuta usitudanganye, kwa kuwa chokaa ni laini, na kazi hiyo ni ya fundi aliyeyazoea majengo hayo. Kizigeu cha jipsamu chenyewe hakiwezi kuaminiwa hata kidogo. Skrubu zishike mbao au vyuma vilivyo nyuma yake. Ukuta wa tofali mbichi tunaukataa moja kwa moja.

Sasa breketi. Nyuma ya karibu kila runinga bapa kuna matundu manne ya skrubu, na umbali kati ya matundu hayo hufuata kipimo kiitwacho VESA, kinachoandikwa kwa milimita: 200 kwa 200, 400 kwa 400, 600 kwa 400, na kadhalika. Kipimo hicho, pamoja na uzito wa runinga bila miguu yake, vimo katika kijitabu kinachokuja na runinga, kile ambacho wengi hukitupa na boksi. Skrubu zenyewe mara nyingi ni za M6 au M8. Fupi mno hushika kwa nyuzi mbili tatu tu, na ndefu mno huweza kugusa na kuharibu mitambo ya ndani. Breketi nayo imeandikwa uzito inaoumudu. Tungeshauri mtu achague yenye uwezo wa mara mbili ya uzito wa runinga yake, hasa pale ambapo jina la mtengenezaji halimo hata kwenye karatasi.

Ipo breketi inayolala ukutani, ipo inayoinama kidogo, na ipo yenye mkono unaovutwa nje na kugeuzwa huku na huku. Hii ya mkono ndiyo inayopendwa, na ndiyo tunayoiogopa. Chukueni runinga ya kilo 25 iliyovutwa sentimeta 50 kutoka ukutani, ikishikwa na bamba ambalo boliti zake za juu na za chini zimeachana kwa sentimeta 20. Boliti za juu hapo hazivutwi kwa kilo 25 tena, bali kwa kilo zipatazo 60, zikinyofolewa kutoka ukutani kama msumari unavyong'olewa kwa nyundo. Na kila anayegeuza runinga ili aione akiwa mezani huzitikisa tena. Kwa nyumba yenye watoto na ukuta wa kawaida, breketi inayolala ukutani yatosha. Haina mbwembwe, ni kweli.

Iko pia sehemu ndogo isiyopewa heshima yake. Breketi nyingi za namna hiyo huibeba runinga kwa ndoano za juu peke yake, na chini kuna skrubu mbili ndogo za kuifunga isiinuliwe. Mafundi wenye haraka huziacha ndani ya mfuko. Bila hizo, mtoto akiisukuma runinga juu kwa kichwa au kwa ufagio, ndoano zaweza kuachia. Kaguni za kwenu leo; ni kazi ya dakika tano. Wakazi wa pwani watazame pia kutu, maana hewa ya chumvi haina subira na boliti za bei rahisi.

Juu ya urefu kutoka sakafuni tutasema machache. Runinga inayokaribia dari, kama tunavyoiona migahawani, huumiza shingo, wala haipungukiwi hatari, kwa kuwa kinachoanguka kutoka juu zaidi hupiga kwa nguvu zaidi. Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho ya aliyeketi, yaani kama mita 1 hadi 1.2.

Fundi naye alipwe. Mtu aliyetoa fedha nyingi kwa runinga huanza kubishana juu ya malipo ya kazi ya saa mbili, kisha hushangaa fundi akitumia plagi zilizobaki kwenye kazi ya jana. Mwenye nyumba ana haki ya kumwomba fundi aivute breketi inayolala ukutani kwa nguvu zake zote, hata aning'inie kwayo kwa mikono miwili, kabla runinga haijapandishwa. Fundi mwema hatachukia.

Na ukuta ukikataa, je? Runinga na ikae juu ya kabati fupi, pana na zito, iliyofungwa ukutani kwa mkanda. Nchini Marekani, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ilianzisha mwaka 2015 kampeni ya kuzihimiza familia zifunge runinga na makabati ukutani, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakiangukiwa na kufa. Mkanda si lazima uubebe uzito wote wa runinga. Kazi yake ni kuizuia isipinduke mbele, na hivyo huhitaji nguvu ndogo kuliko breketi. Hakuna aibu yoyote katika kabati. Tumewasikia watu wakisema kwamba runinga isiyotundikwa ni ya kizamani, nasi tunashangaa jinsi fasheni inavyoweza kumfanya mzazi asahau ni nani anayelala mkekani.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini runinga ya ukumbi wetu ingali juu ya meza. Ukuta wa mashariki ulitobolewa mahali pawili kwa kujaribu, na kote drili ilitoa mchanga mtupu. Itabaki mezani, imefungwa kwa mkanda, hadi ukuta huo utakapojengwa upya.