Simba apewe umeme, muuza ndizi apewe moshi?

Test zilinibana, mnisamehe. Leo nimerudi na nina hasira kidogo, kwa hiyo vumilieni.

Juzi bwenini tulibishana mpaka saa saba usiku. Mshkaji mmoja alikuwa ametoka mjini, kapanda gari kakaa dirishani, kafika huku Usa River kola ya shati nyeusi tii. Akaanza: "Jiji lipige marufuku haya makopo yote kuingia katikati ya mji, kama London. Tena kesho asubuhi!" Mwingine akamjibu palepale: "Acha mambo ya Wazungu wewe, watu wanatafuta ugali." Basi chumba kikagawanyika pande mbili, kelele kama mnadani. Mimi nikanyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo sio kawaida yangu.

Sababu ya kunyamaza ni hii. Mkopo wa bodi nilipata nusu tu. Nusu nyingine ya ada analipa mjomba wangu, na mjomba anaitoa kwenye Hiace ya dizeli inayopiga ruti ya Usa na mjini. Ubavuni bado ina maandishi ya Kijapani ambayo hakuna anayejua yanasema nini. Ikipanda mlima na abiria wamejaa, inatoa wingu ambalo Mlima Meru wenyewe unapotea kwa nyuma. Kwa hiyo kila muhula ninaosajiliwa, umelipiwa na moshi. Na mjomba ana kikohozi cha asubuhi ambacho anakiita vumbi.

Sasa ngoja niseme nilichokuwa nataka kusema usiku ule. Pande zote mbili zilikosea.

Naanza na wa "mambo ya Wazungu". Hili jambo Wajapani walilifanya zamani, na ndio waliotuuzia haya magari. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alitikisa chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli mbele ya waandishi wa habari. Mwaka 2000 jiji likapitisha sheria ndogo, na Oktoba 2003 malori, mabasi na magari ya mizigo ya dizeli yasiyofikia kiwango yakazuiwa kutembea mle. London wao wana ada ya pauni 12.50 kwa siku kwa gari chafu, ilianza Aprili 2019 katikati ya jiji na Agosti 2023 ikafika jiji zima. Unadhani gari lililokataliwa linakwenda wapi? Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japan na Marekani ziliuza nje magari madogo yaliyotumika milioni 14, na karibu asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu sisi. Wao wakisafisha hewa, sisi tunapokea bomba la moshi. Halafu eti hewa safi ni anasa ya Wazungu!

Na huo moshi sio "moshi tu". Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO aliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, pamoja na sigara. Anayeuvuta sana pale Kilombero sio aliye ndani ya V8 amefunga vioo na kuwasha AC. Ni mama wa ndizi aliyekaa pembeni ya barabara tangu saa kumi na mbili asubuhi, ni mpiga debe, ni konda anayening'inia mlangoni. Watu haohao wa ugali ndio wanaoula na masizi.

Tena wala hatuanzii sifuri. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni, na makao makuu ya jumuiya hiyo yako hapahapa Arusha. Mafuta tulishayasafisha, injini ndio tumeziacha vilevile. Na msiniambie Mtanzania hawezi kubadilika. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, leo unabeba kikapu na maisha yanaendelea. Kwenye kupika, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa mwisho wa kuni na mkaa ni Januari 2024. Kila mahali ni nishati safi ya kupikia. Nishati safi ya kusafiria anaisema nani? Tumemwonea huruma mama akiwa jikoni, akitoka kwenda sokoni tunampulizia moshi usoni.

Sasa nakuja kwa wa "kesho asubuhi". Ndugu yangu, wewe ndio hatari zaidi, kwa sababu utapigiwa makofi. Kupiga marufuku ni rahisi mno. Dar walishazuia bodaboda na bajaji kuingia katikati ya mji miaka ya 2010, na tuliona vijana wakikimbizana na mgambo. Tokyo hawakufanya kesho asubuhi. Tangu sheria ipite mpaka ianze kukamata watu ni karibu miaka mitatu, na wenye magari walisaidiwa fedha za kufunga vichujio. Ukimwondoa mjomba kesho, keshokutwa mimi nafungasha godoro narudi nyumbani, na abiria wake watapanda kitu kibovu zaidi.

Hoja yangu ni moja tu: eneo la hewa safi Arusha lije, lakini lianze juu lishuke chini. Marufuku zetu huwa zinaanza kwa asiye na mtetezi. Hii ianze kwa wenye uwezo.

Wa kwanza ni magari ya serikali na ya watalii. Hapa ndio hasira yangu ilipo. Mwaka 2018 Mount Kilimanjaro Safari Club walipeleka Serengeti magari ya utalii yanayotumia umeme. Wakatusifia kwamba hayapigi kelele, hayatoi moshi, mnyama hasumbuki. Safi sana, nawapongeza. Ila Land Cruiser za dizeli zinazobeba watalii zinaanzia safari mjini kwetu, zinapita Mnara wa Saa asubuhi kwa misururu. Kama simba anastahili gari lisilotoa moshi, mtoto wa Ngarenaro amekosa nini?

Wa pili, malori. Barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 imejengwa kutoka Usa River hadi Ngaramtoni. Fuso lisilo na mzigo wa kushusha mjini linafuata nini katikati ya mji?

Wa mwisho ndio daladala, na wapewe taarifa ya miaka kadhaa na mkono wa kushikwa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa nini vikundi vya vijana visikopeshwe bajaji na pikipiki za umeme? Nairobi tangu 2022 kuna BasiGo, mabasi ya umeme ambayo mwenye basi hatoi bei yote mwanzoni, betri anailipia kwa kilomita alizotembea. Dereva yeyote wa Arusha anaielewa hiyo, ni hesabu ya bosi kwa jina lingine. Na umeme upo, Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025.

Jumapili nilimweleza mjomba haya yote, yeye yuko chini ya gari, miguu tu ndio inaonekana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa. Akauliza: "Hiyo ya umeme, mwanangu, inapanda mlima na abiria kumi na nane?" Nikamwambia Kigali kote ni vilima na mabasi ya umeme yanatembea. Akatoka chini, akafuta mikono, akasema: "Basi nileteeni hiyo kwanza, ndio mje kunifukuza na hii."

Hiyo ndio sera nzima, wadau, kasema mtu aliyeishia darasa la saba. Anayetaka kubishana anitafute bwenini, ila aje na hoja, asije na "kesho asubuhi".

Alamsiki.