Walinitoa Mashindanoni, na Walikuwa Sahihi

Nianze kwa kukiri, maana nikianza kwa kulaumu mtadhani nina kinyongo. Mwaka 2019 picha yangu moja ilifika hatua ya mwisho ya mashindano fulani. Ilikuwa picha ya bibi yangu, hapa Ulemo, wilayani Iramba, akipepeta alizeti jua likizama. Makapi yanaruka yakiwaka kama cheche, na yeye kafumba jicho moja. Nilikuwa na uhakika wa kushinda. Kisha ikaja barua pepe: tunaomba faili halisi lililotoka kwenye kamera, pamoja na picha ulizopiga kabla na baada ya hiyo, ndani ya siku tatu.

Sikuwa nalo. Kamera yangu ya mtumba ilikuwa na memori kadi moja tu. Siku chache baada ya kumpiga bibi nilipata kazi ya harusi Kiomboi, nikaifuta kadi nzima ili nipate nafasi. Kilichobaki ni nakala iliyopita WhatsApp, nyepesi kama makapi yale yale, na ndiyo niliyokuwa nimeipeleka mashindanoni. Nikawatumia tena hiyo hiyo. Wakajibu mistari miwili: picha haikuweza kuthibitishwa, asante kwa kushiriki.

Miaka miwili nilizunguka nikisema nimeonewa. Kwani bibi yangu ni feki? Alizeti ya Singida nayo ni ya kuchora? Wenzangu wa kamera walinipigia makofi, maana kila mmoja ana hadithi kama hiyo. Leo naandika kusema kwamba waliniondoa kwa haki, na kwamba sisi tunaoendelea kuimba wimbo huu wa kuonewa tunawapoteza vijana wanaotufuata.

Hoja yetu ya kwanza huwa ni hii: picha nzuri inajieleza yenyewe. Si kweli. Picha inaeleza inachotaka uamini. Mwaka 2010 mashindano ya World Press Photo yalimwondoa Stepan Rudik, aliyekuwa ameshinda kwa picha za mapigano ya mitaani Kiev. Walipoomba mafaili ghafi na kuyalinganisha na picha aliyopeleka, wakakuta kipande cha mguu wa mtu kilichokuwa nyuma kimefutwa. Kipande cha mguu tu, jamani! Picha yenyewe haikusema lolote kuhusu mguu huo. Lililosema ni faili.

Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalimnyang'anya Mbrazili Marcio Cabral ushindi wa mashindano yake ya picha za wanyamapori. Picha yake ilimwonyesha mnyama mla mchwa akikaribia kichuguu kinachong'aa usiku. Waamuzi walifikia uamuzi kwamba mnyama yule ni wa kukaushwa na kujazwa, anayewekwa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi. Cabral alikana, na simhukumu hapa. Lakini alipotakiwa kuonyesha picha nyingine zenye mnyama yule, hakuwa nazo hata moja. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona mimi mwenyewe. Mbele ya mezani pa waamuzi, mkweli asiye na faili na mwongo asiye na faili wamevaa shati moja.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanadhani faili halisi linatakiwa ili kumkamata mwizi, kumbe kazi yake kubwa ni kumlinda asiyeiba. Paul Hansen, Mswidi, alishinda World Press Photo ya 2013 kwa picha ya watoto wawili waliouawa Gaza, wakibebwa na ndugu zao kwenda kuzikwa. Miezi michache baadaye dunia nzima ya mtandao ikapiga kelele: picha imeunganishwa, mwanga ule si wa kweli. Fikiria uzito wa shutuma hiyo, kwamba hata msiba wa wale watoto umepikwa. Wataalamu wakapewa faili ghafi, wakalilinganisha na picha iliyoshinda, wakakuta amegusa rangi na mwanga tu, hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa. Kama Hansen angekuwa ameifuta kadi yake ili apate nafasi ya harusi, nani angemwamini?

Sasa tumeingia zama za akili mnemba na mambo yamegeuka chini juu. Mwaka 2024 mpiga picha Miles Astray alichukua picha halisi ya flamingo aliyejikunja hadi kichwa hakionekani, akaipeleka kwenye kundi la picha za akili mnemba katika mashindano ya 1839 Awards. Ikashinda, na baadaye ikaondolewa kwa sababu ni ya kweli! Alifanya hivyo makusudi, kutufundisha kitu. Macho ya waamuzi hayatoshi tena kupambanua, yawe ya kwao au ya kwetu. Ukimpeleka flamingo wako wa Natron leo, mtu atauliza kama amezaliwa au ametengenezwa. Utajibu nini? Utaapa?

Hoja ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi: ati kutunza mafaili ni mambo ya wazungu. Nenda Zanzibar, Mji Mkongwe, uulize habari za Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliianzisha mwaka 1930. Masultani walipita mbele ya kamera ile, yakaja Mapinduzi ya 1964, wakapita na viongozi wapya. Leo tunaweza kuzitazama sura hizo kwa sababu kuna watu waliotunza negativu. Negativu ndiyo faili ghafi la wazee wetu. Babu aliyekuwa na studio mjini hakuitupa negativu baada ya kukupa picha yako. Aliiweka kwenye bahasha na kuiandika namba, ukirudi baada ya miaka mitano anakusafishia nyingine. Wahenga walikwishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulioacha desturi hiyo ni sisi, tulipopewa kitufe cha kufuta.

Hoja ya tatu naiheshimu, kwa sababu niliiishi. Ni umaskini. Faili ghafi moja linaweza kufika megabaiti 25 au zaidi, na kadi inajaa kabla ya mchana. Diski ya nje ni pesa ya mbolea. Kupandisha mafaili kumi kwa bando, ukiwa umesimama pale kijijini panapokamata mtandao, ni kazi ya usiku kucha. Kwa hiyo nawageukia waandaaji wa mashindano, maana nao wana madeni yao. Mnapokea picha zilizopondwa na WhatsApp, mkijua kwamba WhatsApp ikituma kitu kama picha ya kawaida huivua taarifa zake zote, saa, kamera na mahali. Kisha mtu akifika fainali mnamdai asili ndani ya siku tatu. Semeni siku ya kwanza, tena kwa Kiswahili: tunza faili halisi, tunza na picha za kabla na baada, tutaviomba. Anayepiga kwa simu mwambieni faili halisi la simu nalo ni asili. Mruhusuni alete kwa flashi kwenye ofisi iliyo karibu. Sharti lisilotangazwa mapema ni mtego, hata kama ni sharti la haki.

Ila hata mtego huo haunipi udhuru. Memori kadi ya pili ingenigharimu sehemu ndogo tu ya malipo ya ile harusi. Ningeweza kunakili ile ya kwanza kwenye kompyuta ya rafiki kabla ya kuifuta, nakala nyingine nikaiweka kwenye flashi kabatini kwa mama. Ningeweza kuisahihisha saa ya kamera, iliyokuwa inasoma mwaka 2012. Najua taarifa za saa na kamera zinaweza kughushiwa, ndiyo maana waamuzi huomba ule mfululizo wote: bibi akiinua ungo, bibi akicheka, bibi akinifukuza. Kughushi picha moja ni rahisi. Kughushi alasiri nzima ni kazi.

Na ninyi wasomaji na waandishi msicheke. Mnapeleka miswada kwenye Tuzo ya Safal-Cornell na kwingineko. Siku mtu akisema riwaya yako imeandikwa na mashine, au umeiba kwa mwenzako, utatoa nini? Rasimu ya kwanza yenye aibu zake, daftari lililochorwachorwa, faili la mwaka juzi lenye sura uliyoikata. Mwandishi anayefuta rasimu zake kwa kuona haya ni ndugu yangu wa damu.

Bibi aliiona ile picha kwenye simu, akaipenda. Kila nilipokuja likizo aliuliza, "Mjukuu wangu, ile picha utaniletea lini, ile kubwa ya ukutani?" Nikaipeleka Singida mjini kusafishwa. Fundi akaikuza kwenye kompyuta, uso ukawa vidoto vidoto. Akaniangalia, "Huna ile yenyewe?" Nikamwambia ninayo nyumbani. Nilidanganya, kwa aibu. Bibi alifariki 2021, na picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa ya kitambulisho cha kupigia kura, imekuzwa.

Waandaaji waliuliza swali lile lile la fundi. Leo, kabla hujafuta kadi yako, nakili. Halafu nakili tena, mahali pengine.